Serikali ya Kikoloni Ilivyowakodishia Walowezi Mashamba Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa historia, na jamaa wanaofuatilia ardhi ya babu zao, na watu waliosikia habari za kesi ya ranchi au shamba la chai wakataka kujua mambo yalianzia wapi. Mengine yamejibiwa kwa mistari michache. Mengine yamechukua nafasi kubwa, kwa sababu hapo ndipo watu walipoumizwa.

Serikali ya kikoloni iliitoa wapi ardhi ya kukodisha?

Haikuinunua, wala haikupewa na wenyewe. Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki tarehe 15 Juni 1895, na kwa miaka ya mwanzo hata wanasheria wake walishikilia kwamba kulinda nchi ya watu si kuimiliki. Nchi iliyo chini ya ulinzi ilihesabiwa kuwa nchi ya kigeni, na ardhi yake ni ya wenyeji. Ndiyo maana kanuni za 1897 ziliwapa walowezi vyeti vya kukalia ardhi kwa miaka 21 tu. Walowezi wakalalamika kwamba hakuna benki itakayomkopesha mtu kwa cheti kama hicho.

Mwaka 1899 wanasheria wa serikali kule London waligeuza maneno. Walisema kwamba mahali pasipo na utawala ambao wao waliutambua kuwa utawala, ardhi isiyokaliwa iko chini ya mamlaka ya Malkia, naye anaweza kuigawa. Mwaka 1901 ikatoka amri ya kuithibitisha rai hiyo, na mwaka 1902 ikatungwa Sheria ya Ardhi za Mfalme. Kwa karatasi hizo tatu serikali ikawa mwenye nyumba wa nchi nzima, na mwenye nyumba anaweza kupangisha.

Ninaomba msomaji aishike hatua hii, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinaitegemea. Aliyeamua ardhi ni ya nani ndiye huyo huyo aliyetaka kuikodisha. Hakuna mzee wa Kikuyu, wa Kimaasai wala wa Kinandi aliyeulizwa kama anao utawala au hana.

Kwa nini ikodishwe kwa Wazungu, na si kwa wakulima waliokuwepo?

Kwa sababu ya reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwishoni mwa 1901, na gharama yake ilipita pauni milioni 5. Wabunge wa Uingereza walitaka kujua fedha hizo zitarudi vipi. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda, pamoja na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, na reli yote ikawa chini ya utawala mmoja. Kamishna Sir Charles Eliot alitazama nyanda za juu, akaona hali ya hewa inayowafaa watu wa kwao, akaamua kwamba mizigo ya reli itatokana na mashamba ya walowezi.

Kwamba wenyeji walikuwa wakilima mahindi, mtama, viazi na maharage, na kuwauzia chakula wasafiri wa misafara tangu kabla ya reli, Eliot alilijua. Hakuliona kuwa msingi wa uchumi.

Sheria ya 1902 ilisema nini hasa?

Ilimruhusu Kamishna kuuza ardhi moja kwa moja, mwisho ekari 1,000 kwa mnunuzi mmoja isipokuwa kwa kibali maalumu, au kuikodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Mpangaji alitakiwa kulipa kodi ya kila mwaka na kuliendeleza shamba.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu ambacho wanaoitetea hukikimbilia mpaka leo, kwa hiyo nitakieleza polepole. Kilisema haki na mahitaji ya wenyeji yazingatiwe, na kwamba Kamishna asiuze wala kukodisha ardhi inayokaliwa na wenyeji kwa wakati huo. Ukikisoma hivyo hivyo, utadhani ni kinga. Sasa soma kile kinachokifuata: ikiwa ndani ya shamba lililokodishwa kuna makazi ya wenyeji, sehemu hiyo haitahesabiwa kuwa ya mpangaji mpaka wenyeji waondoke. Wakiondoka, inakuwa yake.

Swali likawa, ni nani anayehesabiwa kuwa anakalia ardhi? Ofisa aliyepita na farasi aliangalia nyumba na shamba lenye mazao. Uwanda wa malisho ambao Wamaasai waliuacha miezi sita ili majani yaote tena, aliuita mtupu. Shamba la Mkikuyu lililopumzishwa misimu miwili mitatu, aliliita mtupu. Na kusini mwa Kiambu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu njaa kubwa ya 1898 na 1899, pamoja na ndui na sotoka iliyokuwa imekwisha kuua ng'ombe miaka michache nyuma, ilikuwa imewaua watu wengi na kuwatawanya waliobaki. Walikimbilia kwa jamaa zao Murang'a na kwingineko, wakisubiri mvua. Waliporudi, walikuta vigingi vya mpimaji na Mzungu aliyewaambia kwamba wako shambani kwake. Kila mbari, yaani ukoo, ilijua githaka chake, yaani ardhi ya ukoo, kilipoanzia na kilipoishia, kwa mito, kwa miti, na kwa majina ya waliolipa mbuzi. Ujuzi wote huo haukuwa na nafasi katika daftari la serikali.

Mlowezi alilipa kodi kiasi gani?

Hapa tuchukue mkataba mmoja unaojulikana. Mwaka 1903 Lord Delamere alikodishwa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Kodi yake ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na alitakiwa kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka 5 ya kwanza.

Wakati huo fedha iliyotumika ilikuwa rupia, na pauni moja ilikuwa rupia 15. Pauni 200 ni rupia 3,000. Zigawanye kwa ekari 100,000, utapata senti 3 za rupia kwa ekari, kwa mwaka mzima.

Kodi ya nyumba waliyotozwa Waafrika ilianza chini kidogo, kisha ikafikia rupia 3 kwa kila nyumba. Kwa hiyo mama mjane mwenye nyumba moja ya udongo alidaiwa na serikali kiasi kile kile ambacho Delamere alidaiwa kwa ekari 100. Tena mjane huyo hakupata hati yoyote kwa fedha zake.

Je, ardhi hiyo kweli haikuwa na watu?

Baadhi ya sehemu hazikuwa na makazi ya kudumu, na zilikuwa na sababu. Malisho ya Njoro aliyokodishwa Delamere ni mfano mzuri. Wamaasai walikuwa wakiyaepuka kwa sababu walijua mifugo hudhoofika ikikaa pale. Delamere aliyaona yamejaa majani mabichi akaingiza kondoo na ng'ombe, nao wakafa kwa wingi. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba udongo ule umepungukiwa na madini ambayo mnyama anayahitaji. Wafugaji waliyajua hayo bila maabara, na ujuzi wenyewe ulithibitisha kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe wanaoifahamu.

Ni akina nani waliopewa mashamba makubwa?

Kampuni ya East Africa Syndicate iliahidiwa maili mraba 500 katika Bonde la Ufa, yaani ekari 320,000. Eliot alitaka pia kuwapa watu wawili kutoka Afrika Kusini maeneo makubwa karibu na hapo. Serikali ya London ilimzuia kwa kuwa Wamaasai walikuwa wakichunga huko, lakini haikuizuia kampuni. Eliot akakasirika, akajiuzulu mwaka 1904. Wengi humkumbuka kwa kujiuzulu huko kana kwamba alikuwa akitetea jambo jema. Alichokuwa akigombania ni uhuru wa kugawa zaidi.

Uwanda wa Uasin Gishu una kisa chake. Mwaka 1903 Uingereza iliwaahidi viongozi wa Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi, na mwaka 1905 wao wakakataa. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakawasili na mabehewa yao ya ng'ombe, wakagawiwa mashamba yenye namba. Ofisi ya posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, mji ukaota hapo, na wenyeji wakauita Sisibo, yaani “sixty-four” kwa matamshi yao. Ndio Eldoret ya leo. Kabla ya hayo Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka 10, mpaka Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, alipouawa kwa hila tarehe 19 Oktoba 1905, katika kikao alichoitiwa kwa ajili ya amani.

Wahindi walikuwa raia wa dola hiyo hiyo. Kwa nini hawakukodishwa mashamba ya nyanda za juu?

Kwa sababu ya rangi tu. Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, alitoa msimamo mwaka 1906 na kuurudia mwaka 1908 kwamba, kwa urahisi wa utawala, Wahindi wasigawiwe ardhi huko. Haikuwa sheria, lakini ilitekelezwa kama sheria. Serikali ya Uingereza iliushikilia msimamo huo tena katika waraka wake wa 1923, ule ule uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulizwe.

Wamaasai walitia saini mikataba. Si walikubali kuhama?

Walitia alama zao kwenye karatasi. Kukubali ni jambo lingine.

Mkataba wa kwanza ulifanywa Agosti 1904, na jina lililo juu ni la Laibon, yaani kiongozi wa kiroho, Olonana, ambaye Waingereza walimtambua kuwa kiongozi wa Wamaasai wote ingawa Wamaasai hawakuwa na mtawala mmoja wa namna hiyo. Waliondolewa katika malisho bora ya Bonde la Ufa, karibu na Naivasha na Nakuru, wakagawanywa sehemu mbili: wengine kaskazini, Laikipia, wengine kusini mwa reli. Mkataba uliahidi kwamba mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ulifanywa mkataba mwingine, kwa sababu walowezi waliitaka na Laikipia. Kundi la kaskazini liliamriwa kuhamia kusini na mifugo yote. Safari ilisimamishwa, ikaanzishwa tena, ikakamilika 1913. Ng'ombe na kondoo walikufa njiani kwa baridi, mvua na uchovu, na watu pia, hasa wazee na watoto.

Kiongozi wa kaskazini, Parsaloi ole Gilisho, ambaye Waingereza waliandika jina lake Legalishu, alipinga kwa njia ambayo serikali haikuitarajia. Yeye na wenzake walikwenda mahakamani. Kesi ya Ole Njogo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa himaya ilisikilizwa 1913, na mahakama ikaitupa bila kuchunguza kama Wamaasai walidhulumiwa. Majaji walisema mikataba ile ilikuwa baina ya Mfalme wa Uingereza na taifa la kigeni, kwa hiyo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuiamua.

Linganisha hukumu hiyo na rai ya 1899. Ilipohitajika ardhi, wenyeji hawakuwa na utawala. Ilipohitajika kuwafungia mlango wa mahakama, wakawa taifa lenye mamlaka ya kufanya mikataba. Nimeisoma historia hii mara nyingi, na bado hapa ndipo hasira hunipanda.

Miaka 99 iligeukaje kuwa 999?

Kwa Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1915. Walowezi walikuwa wamedai kwa miaka mingi kwamba miaka 99 haitoshi mtu kuwekeza, kupanda miti na kurithisha. Sheria mpya ikawapa miaka 999 kwa ardhi ya kilimo, na waliokuwa na mikataba ya miaka 99 wakaruhusiwa kubadilisha. Mkataba uliotiwa saini 1915 ungemalizika mwaka 2914. Kodi ingeweza kukadiriwa upya kila baada ya muda, na Gavana alipewa uwezo wa kuzuia shamba lisiuzwe wala kupangishwa kwa mtu wa rangi nyingine.

Sheria hiyo hiyo ilibadilisha pia maana ya ardhi ya Mfalme. Sasa ilijumuisha ardhi yote iliyokaliwa na makabila ya wenyeji, na yote iliyotengwa kwa ajili yao. Yaani hata shamba ambalo mtu alikuwa amelala juu yake usiku huo, lilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza.

Mwafrika alibaki na haki gani?

Jibu lilitolewa na mahakama mwaka 1921, baada ya Kenya kufanywa koloni mwaka 1920. Wakikuyu wawili wa mbari moja, Isaka Wainaina na Kamau, wana wa Gathomo, walishtaki kwamba watu wengine wameingia katika githaka chao. Ilikuwa kesi ya kawaida ya mipaka baina ya majirani. Jaji Mkuu Barth akaitumia kuamua jambo kubwa: kwamba kutokana na sheria ya 1915 na tangazo la koloni, haki zote za wenyeji katika ardhi, pamoja na githaka, zilikuwa zimekwisha kufutika, na Waafrika wote ni wapangaji wa Mfalme wanaokaa kwa ridhaa yake. Mpangaji wa namna hiyo anaweza kuondolewa wakati wowote.

Kwa hiyo katika nchi moja kulikuwa na wapangaji wa namna mbili wa mwenye nyumba mmoja. Mmoja alikuwa na hati ya miaka 999 inayokubalika benki. Mwingine, ambaye babu zake ndio waliofyeka msitu, hakuwa na uhakika wa kuvuna alichopanda. Wazee waliupokea uamuzi huo wakati ambao Harry Thuku alikuwa akiwakusanya watu Nairobi dhidi ya kodi na kipande, yaani kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba, na malalamiko ya ardhi ndiyo yaliyobeba Kikuyu Central Association iliyoundwa 1924 na kumtuma Jomo Kenyatta London mwaka 1929.

Mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi ulikuwaje?

Mwaka 1919 serikali ilitenga mashamba zaidi ya 1,000 kwa Wazungu waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Walioomba walichaguliwa kwa bahati nasibu, majina yakachezeshwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Mengine yalikuwa madogo na ya bure, mengine yalilipiwa kwa awamu. Ardhi nyingine ilikatwa kutoka kwa Wanandi, na nyingine kutoka kwa Wakipsigis. Huko Kericho kilianzishwa kijiji cha maofisa waliolemaa vitani, wakapanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa, na eneo lao likaja kuwa sehemu ya mashamba ya chai ya kampuni kubwa.

Waafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo hiyo, wale wa kikosi cha wapagazi (Carrier Corps, au Kariakoo), walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na magonjwa. Hawakuchezeshewa bahati nasibu yoyote. Familia nyingi hazikulipwa hata mishahara ya marehemu wao.

Maskwota walikuwa nani?

Walikuwa Waafrika walioishi katika mashamba ya walowezi, wakilima kipande kidogo na kufuga mifugo yao kwa malipo ya kazi. Wengi waliingia kwa hiari mwanzoni, kwa kuwa Bonde la Ufa lilikuwa na nafasi na mlowezi alikuwa na ardhi asiyoweza kuilima. Sehemu kubwa ya mashamba hayo haikulimwa kabisa na aliyeikodi.

Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka, na ikamwondolea hadhi ya mpangaji: alikuwa kibarua tu. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliwapa walowezi wa kila wilaya uwezo wa kupandisha siku hizo hadi 240 au hata 270 na kupunguza idadi ya mifugo. Skwota aliyekuwa na ng'ombe 20 aliambiwa awaache hawa, auze hawa, la sivyo afungashe.

Walioshindwa masharti baadhi yao walipelekwa Olenguruone, huko Mau, katika miaka ya mapema ya 1940. Walidhani wamepewa ardhi kama fidia. Serikali ikawaambia wao ni wapangaji, ikawapangia mazao ya kupanda na namna ya kurithisha. Walikataa kutia saini. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto, na walipofukuzwa hatimaye kufikia 1950 walikwenda na kiapo hicho kila walikotawanyikia. Anayetaka kuelewa Mau Mau aanzie hapo, kabla hajafika msituni.

Tume ya Carter ilirudisha ardhi yoyote?

Kidogo. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter ilifanya kazi kuanzia 1932 na ripoti yake ikatolewa 1934. Ilipendekeza kuongeza vipande fulani katika maeneo ya wenyeji, na kwa upande mwingine ikapendekeza nyanda za Wazungu ziwekewe mpaka wa kudumu wa maili mraba 16,700, zaidi ya ekari milioni 10. Madai yote ya Waafrika nje ya maeneo yao yalifutwa kwa kubadilishana na vipande hivyo, na amri ya 1939 ikaupa mpaka huo nguvu ya sheria.

Imani ya watu ilikuwa imekwisha kuvunjika hata kabla ya ripoti. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba maeneo ya wenyeji ni yao milele. Dhahabu ikapatikana Kakamega, na mwaka 1932 sheria ikarekebishwa upesi ili ardhi iweze kukatwa bila wenyewe kupewa nyingine.

Na Pwani?

Pwani ilikwenda kwa njia yake. Ukanda wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na umiliki wa mtu binafsi ulitambuliwa. Sheria ya 1908 ilitaka kila mwenye madai ajiandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua ofisi na karatasi walijiandikisha. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya jamii, hawakujiandikisha, na uskwota wa Pwani unaozungumzwa hadi sasa una mizizi humo.

Tanganyika ilikuwa hivyo hivyo?

Haikuwa sawa. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, wakawauzia walowezi mashamba Usambara, Kilimanjaro na Meru. Waingereza, kwa sheria ya 1923, waliifanya ardhi yote kuwa ya umma na kutoa haki ya kuikalia isiyozidi miaka 99. Walowezi walikuwa wachache kuliko Kenya, ila si kwamba hakukuwa na dhuluma: mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta milki za kudumu na kuzigeuza kuwa upangaji wa serikali.

Uhuru ulipokuja, mikataba ya miaka 999 ilifutwa?

Haikufutwa. Mwaka 1960 vizuizi vya rangi viliondolewa katika nyanda za juu, na mwaka huo huo zikatoka kanuni za kuwaruhusu wenye mikataba kuigeuza kuwa milki ya kudumu. Aliyekuwa mpangaji wa Mfalme akaweza kuwa mwenye shamba, kisha akaliuza.

Waliouziwa walikuwa Waafrika. Kupitia Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, familia zipatazo 35,000 zilipewa viwanja kwa mkopo wa muda mrefu, fedha zikitoka Uingereza, Benki ya Dunia na Ujerumani Magharibi. Mlowezi alilipwa. Mwananchi akabaki na deni, akilipia ardhi ambayo pengine babu yake aliondolewa bila malipo. Katiba ya uhuru ililinda mali, na serikali ya Kenyatta ikachagua njia ya muuzaji aliye tayari na mnunuzi aliye tayari. Wenye fedha na wenye vyeo wakajipatia mashamba makubwa mazima, na maskwota wengi wakakosa hata robo ekari. Hili si kosa la wakoloni peke yao.

Nilisikia mikataba ya Laikipia ilimalizika 2004. Kwa nini Wamaasai hawakurudishiwa?

Wamaasai waliandamana Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, wakisema miaka 99 ya upangaji imekwisha. Baadhi waliingiza mifugo katika ranchi. Polisi walitumwa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Serikali ilijibu kwamba mikataba ya ranchi ilikuwa ya miaka 999.

Mkataba wa 1904 wenyewe haukutaja miaka 99. Miaka hiyo ilitoka katika sheria ya kukodisha ya 1902. Lakini dai la Wamaasai lina nguvu zaidi ya hesabu ya miaka, kwa kuwa linatokana na ahadi ya 1904 iliyovunjwa 1911, na hiyo hakuna aliyewahi kuijibu mahakamani.

Katiba ya 2010 ilibadilisha nini?

Kifungu cha 65 kinasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa upangaji usiozidi miaka 99 tu. Milki za kudumu na mikataba ya miaka 999 iliyokuwa mikononi mwa wageni iligeuka kuwa ya miaka 99 tangu Katiba ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010. Kampuni inahesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Mwenye uraia wa Kenya, hata kama babu yake alikuwa mlowezi, hakuguswa na kifungu hicho.

Ninataka kufuatilia ardhi ya ukoo wangu. Nianzie wapi?

Anza na wazee, na uandike majina ya mito, vilima na majirani kama wanavyoyataja, kwa sababu ramani za kikoloni zina namba za mashamba na utahitaji kuviunganisha viwili hivyo. Kisha nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, uombe kumbukumbu za wilaya: ripoti za mwaka za maofisa hutaja waliohamishwa na walikopelekwa.

Tafuta pia juzuu tatu za ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Carter. Humo mna maneno ya wazee wa mbari na koo mbalimbali wakitaja mipaka yao, na watu wameyakuta majina ya babu zao humo. Barua baina ya Nairobi na Wizara ya Makoloni ziko Kew, London, katika mafungu yenye alama CO 533. Historia ya hati moja moja hupatikana katika masjala ya ardhi, ukiwa na namba ya shamba.

Kuhusu madai rasmi, Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa kazi ya kusikiliza dhuluma za kihistoria, na sheria iliyorekebishwa 2016 iliweka muda wa miaka 5 wa kuwasilisha madai. Kwa sababu hiyo muone wakili wa masuala ya ardhi kabla hujapanga safari, umuulize dai lako linaweza kupita njia gani kwa sasa, na umwendee na nakala za nyaraka, ukizibakiza halisi nyumbani.